Saadat Hasan Manto, mwandishi aliyekataa kuhesabu wafu wa upande mmoja

Saadat Hasan Manto alifariki tarehe 18 mwezi wa kwanza 1955 mjini Lahore, nchini Pakistani. Alikuwa na miaka 42 tu. Ini lake lilikuwa limeharibika kwa pombe, nyumbani hapakuwa na akiba, na kesi za mahakama zilikuwa zimemfuata miaka na miaka. Leo India na Pakistani, nchi ambazo zinapata shida kupatana hata kwa jambo dogo, zote mbili zinamdai kuwa mtoto wao. Wasomaji wengi wa pande zote wanakubali kwamba juu ya mwaka wa 1947, mwaka nchi yao moja ilipokatwa vipande viwili, hakuna aliyeandika kumpita.

Wakaaji wa Goma na wa Bukavu waliishi miaka mingi karibu na wanajeshi wa nchi hizo mbili. Kofia za buluu za India zilikuwa Kivu ya Kaskazini, zile za Pakistani Kivu ya Kusini. Wengi wetu tuliwaona kuwa watu wa sura moja na chakula kimoja, na ni kweli: mmoja akisema Kihindi na mwingine Kiurdu, wanasikilizana bila mkalimani. Babu zao walikuwa raia wa nchi moja. Kwa nini wajukuu wana bendera mbili, na kwa nini kati ya bendera hizo kuna makaburi mengi hivyo, maisha ya Manto yanaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi za wanasiasa.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tano 1912 huko Samrala, wilaya ya Ludhiana, katika jimbo la Punjab. Jamaa yake walikuwa Waislamu wenye asili ya Kashmir, watu wa sheria, maavoka na mahakimu. Baba yake alikuwa hakimu, mzee mkali asiyependa mchezo. Mama alikuwa bibi wa pili, na mtoto huyu alikuwa upande wake. Ndugu zake wakubwa, watoto wa bibi wa kwanza, walisoma mpaka wakafika mbali. Yeye alikuwa na akili nyingi na utundu mwingi, lakini masomo ya darasani hayakumwingia. Mtihani wa kumaliza sekondari, ambao kwao ulikuwa na uzito kama mtihani wa serikali kwetu, aliuanguka mara mbili kabla ya kuupita kwa shida. Somo mojawapo lililomwangusha ni Kiurdu, lugha ile ile ambayo baadaye hakuna aliyeiandika kwa hadithi fupi kumshinda.

Alikomaa katika mji wa Amritsar. Mji huo ni mtakatifu kwa Wasikhi, wale watu wa kilemba wasiokata nywele, lakini wakati huo Waislamu walikuwa wengi ndani yake, na Wahindu pia, yaani watu wa dini ya Kihindu. Kutoka Amritsar mpaka Lahore ni kilomita kama 50. Watu walikwenda asubuhi na kurudi jioni, kwa biashara, kwa harusi, kwa sinema. Hakuna aliyeona kwamba anavuka kitu.

Mwaka wa 1919, Manto alipokaribia miaka 7, wanajeshi wa Waingereza walipiga risasi mkutano wa raia katika uwanja wa Jallianwala Bagh, pale pale Amritsar. Uwanja ulizungukwa na kuta, na watu hawakuwa na pa kukimbilia. Mamia walikufa. Hadithi yake ya kwanza iliyochapishwa, Tamasha, inasimulia siku zile kwa macho ya mtoto ambaye haelewi kwa nini milio ile haimalizike. Ndiyo njia aliyoishika mpaka mwisho: hakupanda juu kuangalia vita kama jemadari, alibaki chini na mtu mmoja, mtaa mmoja, mlango mmoja.

Aliyemwingiza katika kazi ya kalamu alikuwa mwandishi wa magazeti aliyeitwa Abdul Bari Alig. Alimkuta Manto kijana mvivu, mpenda karata, akamsukuma asome Wafaransa na Warusi. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kutafsiri kwa Kiurdu kitabu cha Victor Hugo juu ya siku ya mwisho ya mtu aliyehukumiwa kufa. Wale kati yetu waliosoma Hugo shuleni watashangaa kujua kwamba kijana wa Amritsar alikuwa anapambana na kurasa zile zile kwa mwanga wa taa. Alijaribu pia chuo kikuu cha Aligarh, lakini kifua kilimsumbua, wakahofia ni kifua kikuu, akarudi.

Mwaka wa 1936 alihamia Bombay. Hapo ndipo maisha yake yalipofunguka. Alikuwa mhariri wa gazeti la sinema, kisha akaandika hadithi za filamu. Bombay ilikuwa mji wa kila mtu: Mwislamu aliandika, Mhindu aliigiza, Mparsi alitoa pesa, Myahudi aliimba, na wote walikula meza moja. Manto aliandika juu ya wale ambao waandishi wengine waliwapita njiani bila kuwaangalia, yaani makahaba, madereva wa gari za farasi, wahuni wa mtaa, vijana waliokuja mjini kutafuta bahati katika sinema. Alioa mwaka wa 1939. Mke wake, Safia, alikuwa na asili ya Kashmir kama yeye. Kwa muda alifanya kazi katika redio ya serikali mjini Delhi, ambako aliandika michezo ya redio zaidi ya 100 katika muda usiofika miaka miwili. Delhi ndiko pia alikozika mtoto wake wa kwanza, kijana, ambaye hakufikisha hata miaka miwili. Baadaye walipata mabinti watatu. Lakini rafiki zake walisema juu ya kifo kile kwamba tangu hapo alikunywa kwa namna nyingine.

Kesi zilianza huko huko. Waingereza walimfikisha mbele ya mahakama mara tatu kwa hadithi ambazo walisema ni za matusi na uchafu. Kila mara alitoka. Jibu lake lilikuwa kwamba kama hadithi hazivumiliki, ni kwa sababu maisha yenyewe hayavumiliki.

Ndipo ukafika mwaka wa 1947.

Kwetu, kila tukisema juu ya mipaka tunataja Berlin ya 1885. Mtu wa Punjab anataja Cyril Radcliffe. Waingereza walikuwa wamechoka, wamefilisika na vita ya pili ya dunia, na vyama vya siasa vya India vilishindwa kupatana. Kongresi ya Nehru ilitaka nchi moja. Muslim League ya Muhammad Ali Jinnah ilitaka nchi ya Waislamu. Tarehe 3 mwezi wa sita 1947 ilitangazwa kwamba nchi itagawanywa, na kwamba majimbo mawili makubwa, Punjab upande wa magharibi na Bengal upande wa mashariki, yatakatwa katikati. Radcliffe, avoka wa London ambaye hakuwa amefika India hata siku moja, alifika mwanzo wa mwezi wa saba. Alipewa karibu majuma tano, ramani, na hesabu za watu kwa dini zao. Uhuru ulisherehekewa tarehe 14 na 15 mwezi wa nane. Mstari wa mpaka ulitangazwa tarehe 17. Kwa siku mbili, watu wa wilaya nyingi walipandisha bendera bila kujua kama ndiyo yao.

Mfano mmoja unatufikia sisi wenyewe. Wilaya ya Gurdaspur ilikatwa: sehemu kubwa ikaenda India, lakini eneo la Shakargarh likawekwa Pakistani. Katika eneo hilo, kwenye kijiji cha Jamwal, alikuwapo mtoto wa miaka 11 aliyeitwa Gurbachan Singh Salaria. Jamaa yake walivuka kwenda upande wa India wakaanza upya katika kijiji kingine cha wilaya ile ile. Mtoto huyo akawa kapiteni wa jeshi la India, akaja Congo na ONU, na tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1961 aliuawa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akipambana na jandarmeri ya Katanga iliyofunga barabara. India ilimpa nishani yake ya juu kabisa ya vita. Mtoto aliyetolewa kwao kwa sababu nchi ilikatwa alikuja kufia kwetu, katika vita ya kuzuia nchi nyingine isikatwe.

Hesabu zinazotajwa zaidi zinasema kwamba watu kati ya milioni 12 na 15 walihama. Juu ya waliokufa, kuna wanaosema 200 000, wengine milioni moja, wengine wanapita hapo. Waislamu walikwenda magharibi, Wahindu na Wasikhi mashariki. Misafara ya miguu na mikokoteni ya ng'ombe ilipishana kwenye barabara moja, kila moja ikikimbia kule ambako nyingine imetoka. Treni zilifika Lahore zikiwa na maiti za Waislamu, nyingine zilifika Amritsar zikiwa na maiti za Wahindu na Wasikhi. Polisi na jeshi vilikuwa vinagawanywa siku zile zile, pamoja na meza, viti na mashini za kuandikia za ofisi. Nani angelinda nani? Vikundi vilivyoua vilikuwa na orodha za nyumba, na mara nyingi vilikuwa na askari wa zamani waliorudi kutoka vita ya dunia na bunduki zao. Nani anaitwa mkimbizi na nani anaitwa muuaji ilitegemea tu uko upande gani wa mto Ravi.

Manto alikuwa bado Bombay, mbali na Punjab, lakini sumu ilimfikia. Alifanya kazi katika studio ya Bombay Talkies, ambayo rafiki yake Ashok Kumar, Mhindu na nyota mkubwa wa sinema, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Barua zilianza kuingia zikidai Waislamu wafukuzwe kazini, la sivyo studio itachomwa. Ashok Kumar hakutishika. Manto ndiye aliyeanza kujiona mzigo kwa wengine.

Kuna jambo moja alilolisimulia mwenyewe baadaye. Rafiki yake wa karibu alikuwa Shyam, mwigizaji, Mhindu wa Rawalpindi, ambaye alikunywa naye, akacheka naye, akakopeshana naye pesa. Siku moja wawili hao walikaa wakisikiliza jamaa ya Wasikhi waliokimbia Rawalpindi wakieleza waliyotendewa na Waislamu. Walipotoka, Manto alimwuliza rafiki yake kama, yeye akiwa Mwislamu, Shyam hakusikia hamu ya kumwua. Shyam alijibu kwa ukweli: sasa hapana, lakini wakati ule aliposikiliza, angeweza. Jibu hilo lilimpiga Manto zaidi ya barua zote za vitisho, kwa sababu alijiona naye angeweza kuwa na moyo ule ule mbele ya Shyam. Urafiki haukufa. Shyam alipoanguka kutoka kwenye farasi wakati wa kupiga filamu mwaka wa 1951 na kufariki, Manto alimwandikia ukumbusho ambao hata leo unasomwa kwa machozi.

Safia alikuwa ameshatangulia Lahore. Mwezi wa kwanza 1948 Manto naye alifunga mizigo, akapanda meli mpaka Karachi, kisha akaenda Lahore. Hakuna aliyemfukuza kwa panga. Wengi walimwuliza kwa nini aliondoka, na majibu aliyotoa hayakuwatosha, pengine hata yeye mwenyewe hayakumtosha. Aliipenda Bombay mpaka kufa.

Lahore aliyoikuta ilikuwa mji wa nyumba zilizobadilisha wenyewe. Wahindu na Wasikhi waliokuwa na maduka, shule na majumba walikuwa wameondoka. Waliotoka Amritsar, Jalandhar na Ludhiana walikuwa wameingia, wakikuta vyombo vya watu wengine jikoni. Manto na jamaa yake walikaa katika jengo la Lakshmi Mansions, lenye jina la mungu wa kike wa utajiri wa Wahindu. Hapo ndipo alipoishi mpaka mwisho, Mwislamu asiye na pesa chini ya jina hilo. Yeye ambaye hakukosa kicheko katika jambo lolote, hawezi kuwa hakuliona.

Miezi ya kwanza hakuweza kuandika kitu. Alieleza kwamba kila alipojaribu kutenga India na Pakistani ndani ya kichwa chake, alishindwa. Maswali yaliyomzunguka yalikuwa ya kawaida sana: vitabu vilivyoandikwa kabla ya mgawanyo ni vya nani sasa? Mifupa iliyochomwa au kuzikwa pande zote mbili, ni ya nani?

Kilichotoka kwanza kilikuwa kijitabu cha mwaka wa 1948, Siyah Hashiye, yaani pembe nyeusi, kama ule mstari mweusi wanaouweka magazetini kwa tangazo la kifo. Ndani mna visa vifupi kabisa, vingine mistari miwili au mitatu. Mtu anaiba magunia mawili ya sukari wakati wa fujo. Akitupa gunia la pili ndani ya kisima usiku, anatumbukia nalo. Watu wanamtoa, anakufa. Kesho yake maji ya kisima ni matamu, na jioni watu wanawasha taa kwenye kaburi lake kama la mtakatifu. Katika kingine, muuaji anapasua tumbo la mtu, kisu kinakata kamba ya suruali, na anapoona alama ya mwili anagundua kwamba amemwua mtu wa dini yake. Anasikitika kama mtu aliyekosea hesabu. Mara nyingi Manto hatuambii huyu ni Mhindu au Mwislamu. Msomaji anatafuta upande wake ili amkasirikie mwingine, na haupati. Wengi walimkasirikia yeye, wakisema anafanya mzaha na maiti. Mimi naona kinyume: waliofanya mzaha ni wale waliozitaja maiti za upande mmoja tu kwenye mikutano.

Hadithi mbili za baadaye zilimgharimu zaidi. Ya kwanza, Khol Do, inaanza na treni ya wakimbizi iliyotoka Amritsar ikafika karibu na Lahore ikiwa imechelewa saa nyingi. Mzee Sirajuddin anaamka kambini na kukuta binti yake Sakina amepotea. Vijana wa kujitolea, Waislamu wenzake wa upande wake, wenye gari na bunduki, wanamwahidi watamtafuta. Wanampata. Hawamrudishi. Siku nyingi baadaye mzee anamkuta hospitalini, mwili wake uko kitandani kama maiti, na neno moja dogo la daktari juu ya dirisha linaonyesha yote ambayo vijana hao walimtendea. Mzee anafurahi kwa sauti kwamba binti yu hai. Daktari anatoka jasho. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi. Inatosha kukumbuka kwamba mwezi wa kumi na mbili 1947 serikali zote mbili zilipatana kutafuta wanawake walioibwa wakati wa fujo, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni karibu 75 000. Kila nchi ilipenda kusema kwamba waliowaiba ni wale wengine. Manto aliandika kwamba ni vijana wetu. Serikali ya Pakistani ilifungia kwa miezi 6 gazeti la fasihi lililochapisha hadithi hiyo.

Ya pili, Thanda Gosht, maana yake nyama baridi, inageuza upande. Humo mkosaji ni Msikhi, Ishwar Singh, aliyeingia katika nyumba ya Waislamu, akaua watu, akabeba msichana begani akifikiri amezimia. Kumbe alikuwa amekufa. Tangu hapo kitu ndani ya mwanaume huyu kimekufa pia, na anashindwa kulala na mpenzi wake, ambaye kwa wivu anamchoma kisu. Hapa adui ndiye mwovu, kwa hiyo mtu angefikiri Pakistani itaipokea. Lakini Manto alimpa mwovu huyo dhamiri, akamwacha aangamizwe na alichokifanya, na hilo pia lilikuwa vigumu kusamehe.

Mahakama ya Lahore ilimhukumu kifungo cha miezi mitatu na faini ya rupia 300. Rufaa ikamtoa; serikali ikarudi katika mahakama ya juu, na mwishoni akabaki na faini. Mshairi mkubwa Faiz Ahmad Faiz alitoa ushahidi kwamba haoni uchafu katika hadithi hiyo, ingawa hakuiona kuwa fasihi ya juu sana, ushahidi ambao ulimwokoa na kumchoma kwa pamoja. Kwa jumla Manto alishtakiwa mara sita: tatu chini ya Waingereza, tatu chini ya nchi mpya. Waandishi wa mrengo wa kushoto, ambao zamani walikuwa wenzake, nao walimtenga, wakisema hana mwelekeo, anafurahia uozo. Watu wa dini walisema ni mchafu. Alibaki katikati, na katikati hapakuwa na mshahara.

Hapa lazima kusema ukweli mwingine, kwa sababu wanaompenda Manto wanapenda kuuruka. Alikuwa mlevi, na jamaa yake ndiyo iliyolipa. Sinema ya Lahore ilikuwa imekufa baada ya mgawanyo, kwa hiyo hakupata kazi kama ile ya Bombay. Aliuza hadithi moja moja kwa wachapishaji, siku nyingine aliandika na kumaliza hadithi siku hiyo hiyo, akaipeleka, akapewa pesa kidogo mkononi, na pesa ikaishia kwenye chupa ya pombe mbaya kabla ya kufika nyumbani. Safia alilea mabinti watatu, akasoma hadithi zake kabla ya wengine, akamfungia pombe, akamsamehe, akaanza tena. Kuna hadithi bora zilizoandikwa kwa haraka ya kiu, na kuna hovyo nyingi pia. Mara aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lahore ili atibiwe pombe.

Hospitali hiyo ilimpa hadithi iliyomfanya asisahaulike. Mwaka wa 1950 India na Pakistani zilibadilishana kweli wagonjwa wa akili, kwa utaratibu wa serikali, kama zilivyobadilishana wafungwa: Wahindu na Wasikhi waliokuwa katika hospitali za Pakistani wapelekwe India, Waislamu waje huku. Manto alichukua karatasi hizo za ofisi akazitia mtu. Bishan Singh ni Msikhi mzee, mwenye shamba, ambaye amekuwa katika hospitali ya Lahore miaka 15. Miaka yote hiyo amesimama. Hakai, halali, miguu imevimba. Anasema maneno yasiyo na maana. Jambo moja tu linamsumbua: anataka kujua kijiji chake, Toba Tek Singh, kiko India au Pakistani. Anauliza wagonjwa wenzake, anauliza askari, anamwuliza rafiki Mwislamu wa kijiji aliyekuja kumsalimia. Hakuna mwenye jibu la hakika, kwa sababu jana Sialkot ilikuwa India na leo iko Pakistani, na kesho nani ajuaye. Mgonjwa mmoja anapanda mti na kutangaza kwamba ataishi juu ya mti, asitake nchi hii wala ile.

Usiku wa kubadilishana, kwenye mpaka wa Wagah, karani anamwambia Bishan Singh kwamba Toba Tek Singh iko Pakistani, yaani nyuma yake. Anakataa kuvuka. Wanamvuta, wanamsukuma, wanamwacha asimame kwa sababu hana madhara. Alfajiri anatoa kilio kimoja na kuanguka kifudifudi. Nyuma ya seng'enge moja kuna India, nyuma ya nyingine kuna Pakistani, na yeye amelala katika kipande cha ardhi kisicho na jina. Hadithi nzima ni kurasa chache. Hakuna mwanasiasa anayetajwa kwa lawama, hakuna anayelaaniwa.

Nguvu yake, kwa maoni yangu, iko kwenye swali la mzee. Haulizi yeye ni raia wa wapi. Anauliza shamba lake liko wapi. Wakimbizi wa Punjab waliozeeka Delhi au Lahore waliendelea kujieleza hivyo hivyo: mimi ni mtu wa Lyallpur, mimi ni wa Jalandhar, na walitaja mtaa, kisima, mti wa shahtuti mbele ya nyumba. Nchi walipewa, mtaa hawakurudishiwa. Maduka ya Delhi yalifunguliwa kwa majina ya miji ya Pakistani, na Karachi kuna maduka ya vitu vitamu yenye majina ya miji ya India.

Manto hakuishi kuona jina lake likikua. Filamu ya Mirza Ghalib, juu ya mshairi mkubwa wa Kiurdu, ambayo hadithi yake aliiandika akiwa bado Bombay, ilitoka mwaka wa 1954, wakati yeye alikuwa Lahore akitafuta pesa ya siku; tuzo ya taifa ya India ilipewa baada ya kifo chake. Muda mfupi baada ya filamu kutoka alikufa. Alizikwa katika makaburi ya Miani Sahib. Mwenyewe alikuwa ameandika maneno ya kuwekwa juu ya kaburi lake, akisema kwa mzaha kwamba chini ya udongo bado anajiuliza nani mwandishi mkubwa zaidi wa hadithi, yeye au Mungu; jamaa waliogopa hasira za watu, wakaweka maneno mengine. Aliacha makusanyo zaidi ya 20 ya hadithi fupi. Serikali ya Pakistani, ile iliyomtoza faini, ilitoa stempu yenye sura yake mwaka wa 2005, na mwaka wa 2012 ikampa nishani ya juu ya taifa, miaka 57 baada ya kifo. India nayo ilitengeneza filamu juu ya maisha yake mwaka wa 2018.

Mji wa Toba Tek Singh upo hadi leo, katika Punjab ya Pakistani. Wenyeji wanasimulia kwamba jina lilitoka kwa Msikhi mmoja, Tek Singh, aliyekaa kando ya bwawa dogo akiwapa wapita njia maji ya kunywa bila kuuliza dini yao. Toba ndilo hilo bwawa. Wasikhi wa huko waliondoka 1947. Lyallpur, mji mkubwa wa karibu uliokuwa na jina la gavana Mwingereza, ulibadilishwa jina mwaka wa 1977 ukaitwa Faisalabad. Toba Tek Singh iliachwa na jina lake la Kisikhi, na tangu 1982 ni wilaya kamili.